Bahari ya Juvenali

Clotilda wa Mbuba, mama yake Priscila, hupenda kusema kwamba hakuna mjane katika tarafa nzima aliyekataa wanaume wengi kama yeye. Amekataa wanne. Kisha, kabla hujamsifu, huongeza mwenyewe kwamba wawili walikuwa wamelewa na kesho yake hawakukumbuka kama walitongoza, wa tatu alikuwa amekosea nyumba, na wa nne ni yule yule wa kwanza, alirudi kuchukua kofia yake.

Wa tano ndiye aliyemtia kazini. Huyu hakuwa amelewa, nyumba hakuikosea, na kofia alikuwa nayo kichwani. Aliitwa Juvenali, mzaliwa wa Keza, mwanamume mrefu wa miaka sitini na kitu mwenye mikono mikubwa. Mke wake wa kwanza alizikwa Keza, na watu waliomzika wapo. Baada ya msiba ule Juvenali alitoweka miaka kumi na minane. Aliporudi mwaka jana, alisema alikuwa Mafia, kisiwani, huko kwenye Bahari ya Hindi, akivua samaki.

Katika wazee wa Keza na Mbuba hakuna mtu wa kumbishia. Wapo waliofika Dodoma, yupo mmoja aliyefika Dar es Salaam akalazwa hospitali na kurudi bila kuona kingine chochote, lakini bahari yenyewe hakuna aliyeikanyaga. Kwa hiyo Juvenali alipokaa kwenye benchi na kikombe chake cha rubisi, pombe ya ndizi, na kuanza kueleza mawimbi, watu walikaa kimya kama wako kwenye mahubiri. Kuliko kwenye mahubiri, maana kwenye mahubiri wengine husinzia.

Clotilda alimpenda. Hilo hakumwambia mtu, hata yeye mwenyewe alijiambia kwa mbali. Juvenali alimtengenezea mlango wa banda la kuku bila kuombwa. Alikula polepole. Na alicheka mahali panapostahili kuchekwa, si kabla wala si baada, na Clotilda alikuwa ameshaishi vya kutosha kujua kwamba mwanamume wa namna hiyo ni nadra kuliko mzee mwenye meno yote.

Tatizo lilikuwa moja. Parokia ilitaka barua kutoka huko alikokuwa, ya kusema kwamba yuko huru, hajafunga ndoa nyingine. Juvenali alisema huko alikokuwa kanisa liko mbali na kambi yao, na padri mwenyewe walimwona Krismasi kwa Krismasi. Basi ikaamuliwa watangazwe kama kawaida, Jumapili tatu mfululizo, mwenye kujua kizuizi aseme. Katekista Fideli huandika matangazo Jumamosi saa sita mchana, na akishaandika hafuti, kwa sababu ana kalamu moja na anaiheshimu.

Clotilda aliyafikiria hayo matangazo akakosa raha. Jina likishasomwa kanisani, limesomwa. Na kama Jumapili ya tatu angeinuka mwanamke benchi la nyuma akasema, "Huyo ni mume wangu," basi Clotilda angechekwa mpaka siku ya maziko yake, na wakati wa maziko wangemchekea pembeni. Alilijua hilo vizuri. Miaka arobaini yeye ndiye aliyekuwa akiwachekesha watu kwa mambo ya wenzake. Mbuba nzima ilikuwa inasubiri zamu yake.

Kilichomsumbua kilikuwa kidogo tu. Juvenali hajui kuchemsha hata yai. Miaka kumi na minane, ni nani aliyekuwa akimpikia? Alishamuuliza mara moja, kwa mzaha. Juvenali akasema walikuwa wanaume watupu kambini, kila mtu akipika siku yake. Clotilda hakuuliza tena. Mwanamume ukimuuliza jambo moja kwa moja, unampa nafasi ya kujibu.

Jumanne ya wiki ile ile ya matangazo, alikuja Ntwari.

Ntwari ni injinia wa mradi wa maji, kijana wa familia zile zilizotoka Burundi zikapewa mashamba upande wa Keza. Ana akili, ana pikipiki, ana adabu, na alisomeshwa ng'ambo, nchi ya baridi, akarudi na shahada na ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ni wa kuvua samaki kwa manyoya. Ana ufito mrefu mwembamba unaopinda kama mkia wa ng'ombe, ana mshipi mnene wa rangi, na mwisho wa mshipi amefunga ndoano ambayo haina nyambo wala nyama. Ina uzi na manyoya ya kuku tu, yamefungwa yafanane na mdudu. Anamwita nzi. Jumamosi huingia mto Ruvubu mpaka mapajani na kuupunga ule mshipi hewani, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Watu wa kwanza kumwona walidhani mto umefanya kosa na unachapwa.

Samaki huwapata wachache. Na akimpata mmoja humshika kwa mikono miwili, akamtazama, akamsifu, akamrudisha majini. Hili ndilo lililowashinda watu kabisa. Ilifika mahali mama yake akaulizwa kama amewahi kuanguka utotoni.

Manyoya hutoka kwa Clotilda, kwa jogoo wake mwekundu mwenye shingo ndefu inayong'aa. Inang'aa kwa nusu, maana nusu nyingine imeshakwenda mtoni. Siku hizi jogoo akisikia mlio wa pikipiki ya injinia hupanda mparachichi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo umekuja kunioa au kumnyonyoa jogoo?"

"Jogoo kwanza, bibi."

"Ndivyo mnavyosema wote."

Ntwari akacheka, akakaa kwenye kigoda. Leo alitaka manyoya mengine, marefu na meupe, ya kutengeneza nzi wakubwa. Si ya mtoni. Alisema anakwenda baharini.

"Bahari gani?" aliuliza Clotilda, akaweka chini ndizi aliyokuwa akiimenya.

"Mafia. Kuna samaki huko anaitwa kolekole, bibi. Anaingia kwenye maji ya magotini. Ukimtupia nzi mbele ya mdomo, anameza na kukimbia, mshipi unakuchoma kidole."

"Na ukishachomwa kidole unamrudisha."

"Namrudisha."

"Sawa. Endelea, nisije nikakuombea bure."

Ntwari akaeleza. Likizo yake ni wiki mbili kwa mwaka. Ofisi inataka aandike mwezi anaotaka, na mwisho ni Ijumaa hii saa kumi. Ukishaandikwa haubadiliki, kwa sababu wenzake nao wanapangwa. Mwaka juzi alichagua vibaya, akaenda Aprili, akakaa siku kumi na nne chini ya bati akisikiliza mvua. Maji ya bahari yalikuwa kama chai ya maziwa, kwa tope la Rufiji. Hakuona mkia. Mwaka jana hawakumpa likizo kabisa. Sasa akikosea tena, atasubiri mwaka mwingine, na mwakani mkewe atakuwa na mtoto mchanga, na mwanamume mwenye mtoto mchanga anayekwenda kuvua samaki wa kurudisha, huyo si mwanamume; hayo ni maneno ya mkewe.

"Nimepiga simu huko," alisema. "Mwenye gesti wa kwanza anasema miezi yote kumi na miwili ni mizuri. Wa pili naye anasema yote mizuri, ila yule wa kwanza nisimwamini. Nilikuwa nataka mtu aliyekaa huko, asiye na vyumba vya kupangisha."

Clotilda akajisikia ametajwa jina. "Ninaye," alisema. "Miaka kumi na minane. Saa kumi atapita hapa."

Saa kumi Juvenali alipita, jembe begani. Clotilda akawakutanisha kwa fahari, kama mtu anayekutanisha mgonjwa na daktari, akarudi kwenye ndizi zake. Masikio aliyaacha pale.

"Julai," alisema Juvenali, hata kabla swali halijakaa sawa. "Wewe andika Julai, lala."

"Kwa nini Julai, mzee?"

"Julai si kiangazi? Mvua hakuna, matope hakuna, njia ni kavu. Samaki ana njaa. Halafu tazama mwezi wa juu. Nenda kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka, utarudi mikono mitupu. Sisi mwezi ukiwa mkubwa tulikuwa tunatundika nyavu, tunalala wiki nzima, wengine wanakwenda kusalimia kwao."

Ntwari alikuwa ameandika Julai kwenye simu yake. Akaitazama. "Lakini mimi navua mchana, mzee."

"Mchana?"

"Mchana kweupe. Lazima nimwone samaki."

Juvenali alifikiri kidogo. "Mchana pia," alisema. "Samaki aliyeona mwezi usiku huwa na wasiwasi mpaka kesho yake."

Clotilda akacheka moyoni. Jibu lilikuwa zuri. Yeye mwenyewe angelitoa kama angebanwa.

"Na upepo?" Ntwari aliuliza. "Nasikia Julai ni kusi, inavuma kutwa. Nzi wangu hana uzito, ni manyoya. Upepo ukiwa mkali anarudi ananichoma sikio."

"Upepo ni wa kuuzoea."

"Na maji kupwa? Maana nitakuwa natembea kwa miguu. Nataka siku ambazo maji yanakimbia mbali mchana, halafu niwe pale yanapoanza kurudi."

"Maji yanakimbia kwenda wapi?" aliuliza Juvenali.

Kisu cha Clotilda kikasimama katikati ya ganda.

Ntwari akashusha simu. Juvenali akawatazama, mmoja kisha mwingine, akasogeza kofia. "Nasema hivi," alisema, "upande ule tuliokuwa sisi maji yalikuwa hayakimbii. Palikuwa na utulivu. Jioni unafunga mtumbwi, asubuhi unaukuta ulipouacha."

Clotilda aliishia darasa la saba, na mengi ameyasahau, lakini somo lile alilikumbuka kwa sababu alichapwa ndani yake. Mwalimu alichora ubaoni mwezi, akachora dunia, akachora bahari imevimba upande mmoja kama tumbo. Kupwa na kujaa, darasa zima likaimba, maji hutoka na kurudi, mara mbili mchana na usiku wake. Clotilda akanyoosha mkono akauliza: yanakwenda wapi? Akachapwa viboko viwili kwa kumfanyia mwalimu utani. Miaka hamsini na mitano baadaye alikuwa amekutana na mtu anayeuliza swali lake lile lile. Ila yeye aliuliza akiwa Mbuba, kwenye dawati. Huyu alikuwa amekaa ufukweni miaka kumi na minane.

Juvenali alipokwenda kutazama ule mlango wa banda kama bado umekaza, Ntwari akainama karibu.

"Bibi, mzee alikuwa Mafia ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Nilikuwa najua moja."

"Amesahau tu. Sisi wazee tunasahau."

"Bahari, bibi?"

Clotilda akamenya ndizi mbili. Kisha akamwambia asiandike chochote mpaka Ijumaa. Akasema ana shughuli kidogo na bahari hiyo, akiimaliza atamjulisha mwezi.

Alhamisi alimwalika Juvenali chakula cha mchana. Alipika ugali wa muhogo na samaki wa kukaushwa, akaweka na mchicha, akamwekea kiti kile cha mgongo. Alimwacha ale nusu ya kwanza kwa amani. Mtu mwenye njaa hujibu kwa tahadhari. Akianza kushiba ndipo mdomo hulegea.

"Nakuonea huruma, Mzee Juvenali," alisema. "Siku zile za majini. Mnalala huko huko, si ndiyo? Siku mbili, siku tatu. Mlikuwa mnakula nini?"

"Ugali. Samaki tunao, kilichobaki ni ugali tu. Jiko la mkaa tunaliweka katikati ya mtumbwi, kwenye bati lenye mchanga."

"Na maji ya kupikia? Mnabeba madumu mangapi watu wote hao?"

Juvenali alicheka kwa mapenzi, kama mtu anavyomcheka mtoto. "Madumu ya nini, Mama Priscila? Umezungukwa na maji. Unainama, unachota na sufuria, unabandika. Basi."

"Na ya kunywa?"

"Hayo hayo. Ukiamka asubuhi unachota kikombe, ni ya baridi, matamu. Mpaka leo sijaonja maji kama yale."

Clotilda akamwongezea mchuzi. Alimtazama anavyokula, na kilichomuuma ni kwamba Juvenali hakuwa anadanganya. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekumbuka kitu kizuri kweli. Lile jiko kwenye mchanga lilikuwepo. Zile nyavu zilikuwepo, mikono ile haikupata makovu yake kwenye kulima maharage. Yote yalikuwepo isipokuwa chumvi.

Na maji makubwa namna hiyo, yasiyo na chumvi, yasiyokimbia, ambayo mbalamwezi ikiwaka watu hutundika nyavu, hayahitaji kutafutwa kwenye ramani. Ni Ziwa. Ukipanda basi la asubuhi, ukapita Biharamulo, kabla ya saa ya chakula umeshalisikia harufu. Nusu ya vijana wa wilaya nzima ya Ngara wamewahi kwenda huko kuvua dagaa kwa taa, usiku wa giza, na kurudi na redio.

Jioni ile aliketi mlangoni akalipindua jambo hili kama mtu anayepepeta mchele. Kuvua Ziwani si aibu. Hakuna aliyewahi kuchekwa kwa kuvua Ziwani. Kwa nini basi mtu achukue miaka kumi na minane ya Ziwani aisogeze mpaka Mafia? Jambo zuri mtu hulileta karibu na kwake, watu walione. Akilisogeza mbali, hataki litembelewe.

Angeweza kupanda basi mwenyewe. Lakini Ziwa lina fukwe nyingi kuliko siku zilizobaki, magoti yake hayapendi basi, na huwezi kutembea kutoka kambi hadi kambi ukiuliza, "Samahani, kuna mwanamke hapa aliyeachwa na mwanamume mrefu?" Ungeletewa msafara. Kumuuliza Juvenali mwenyewe pia haifai. Angejibu vizuri, na yeye angemwamini, kwa sababu alitaka kumwamini. Hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote.

Ijumaa saa nane Ntwari akaja. Jogoo alikuwa mtini tangu saa saba na nusu.

"Bibi, wamenipigia ofisini. Mwezi gani?"

"Wewe mwenyewe umesikia nini huko?"

Ntwari akahesabu kwa vidole. Yuko mwenzake wa ofisi ya Dar es Salaam ambaye mjomba wake ni mvuvi wa kule kule kisiwani. Huyo mjomba anasema hivi: masika, Machi ya mwisho mpaka Mei, usiende, ulishaona mwenyewe. Juni mpaka Agosti ni kusi. Bahari inachafuka, hata wenyeji wengine wanabaki nchi kavu wakishona nyavu, na mtu wa manyoya atajishona mwenyewe. Septemba inaanza kulegea. Oktoba na Novemba upepo mmoja umechoka na mwingine haujafika, maji yanalala, yanakuwa maangavu mpaka unaona kivuli cha samaki kwenye mchanga. Desemba kaskazi inaingia, inavumilika, lakini jua linawaka. Na katika mwezi wowote, achague siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanapotoka mbali.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nimeambiwa, bibi. Kujua ni mpaka mtu wa pili aseme. Na mtu wa pili kasema Julai."

"Mtu wa pili," alisema Clotilda, "amesema Julai ya Ziwani. Baharini hajafika. Andika Novemba."

Ntwari alimtazama, akataka kuuliza, akaona ni vizuri asiulize. Akaandika Novemba kwenye simu, akatuma pale pale akiwa amekaa kwenye kigoda. Baada ya muda simu ikalia mlio mfupi. "Wamepokea," alisema, na uso wake ukawa wa mtoto.

"Sasa wewe umepata. Mimi bado," alisema Clotilda. "Hebu niambie jambo. Samaki si mjinga. Anajua nzi. Kwa nini anameza manyoya yangu?"

"Wengine ni njaa. Lakini kolekole, wanasema, si njaa. Ukimpitishia kitu polepole atakikagua, atakiacha. Ukimpitishia ghafla karibu na mdomo, anauma kwanza, anafikiri baadaye."

Clotilda akatikisa kichwa taratibu. "Kesho saa tatu asubuhi njoo ukae hapo hapo ulipokaa."

"Nije nifanye nini?"

"Ukae. Simu mkononi, kama mtu aliyepigiwa."

"Niseme nini?"

"Usiseme kitu. Wewe ni mtu mwema, uongo utakukaa vibaya. Nitasema mimi."

"Bibi, si wewe unayeongoza rozari jumuiyani?"

"Rozari ni Alhamisi. Kesho ni Jumamosi."

Jumamosi Juvenali alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Alikuwa amenyoa. Walikuwa waende pamoja kwa katekista Fideli, wakatoe majina yaandikwe. Clotilda alipomwona anakuja njiani, kofia mkononi badala ya kichwani, moyo wake ulimshauri aache mambo yapite. Wanawake wangapi wameolewa bila kujua, wakaishi, wakazikwa vizuri? Akaushukuru moyo kwa ushauri, akaenda kufunga kitenge cha pili.

"Shikamoo, mzee," Ntwari alisema kutoka kwenye kigoda. Simu ilikuwa mkononi, na aliishika kama mtu aliyeshika yai la mtu mwingine.

"Marahaba, injinia. Umeshaandika Julai?"

"Ameandika Novemba," Clotilda alijibu. "Usijali, ni mambo ya ofisi. Anasema twende naye. Wewe umwonyeshe njia."

Juvenali akashika goti la kulia. "Ningependa. Lakini goti hili, Mama Priscila. Mafia ina ngazi nyingi."

"Ngazi?"

"Za kushukia mtumbwini."

"Pole," alisema Clotilda. Alitoka mlangoni, akafunga mlango, akautikisa kuona kama umeshika. Akatafuta rozari mfukoni, akaipata. Akaangalia jua. "Twende, Fideli asije akaondoka. Una cheti cha ubatizo?"

"Ninacho hapa."

"Haya." Alishuka kidaraja kimoja, akasimama, akageuza shingo tu, kama mtu aliyekumbuka kuwa mbuzi wa jirani wameingia kwenye maharage. "Halafu nisisahau. Jana injinia alipopigia ile gesti ya Mafia, simu akapokea mwanamke. Aliposikia ni watu wa Ngara akauliza habari zako. Anasema yeye ni mkeo."

Juvenali hakushtuka. Alicheka, na kilikuwa kicheko cha mtu aliyeonewa na ana ushahidi wote mfukoni.

"Huyo ni mwongo," alisema. "Mwongo mkubwa. Akimana mwenyewe hajafika Mafia hata siku moja. Akimana kupanda basi tu mpaka Biharamulo mjini ni mpaka abembelezwe, anatapika njia nzima, atafikaje..."

Hapo akaishia. Mdomo ulibaki wazi kidogo, na kofia ikawa inazunguka mikononi mwake yenyewe. Ntwari alikuwa anaitazama simu kwa bidii, ingawa ilikuwa imezimwa.

Clotilda alirudi akaketi kwenye kidaraja, akafungua fundo la kitenge cha juu, akakikunja juu ya magoti.

"Endelea, Mzee Juvenali," alisema. "Atafikaje Mafia, na mumewe hajafika?"